Tai kwenye mkaratusi nyuma ya nyumba

MamaPaka: Wadau, nakaa Kitisuru, Nairobi. Nyuma yetu kuna kijisitu kando ya mto, hata ekari tatu hazifiki. Jana tai mwenye shungi kadondosha mguu wa paa juu ya bati letu. Kikwato chenyewe kidogo kama punje ya hindi! Mwenye nyumba anataka kuukata mkaratusi wenye kiota. Dude kubwa hivi linaishije hapa?

Fundi_Darubini: Haishi hapo tu, dada. Hapo ni kitandani. Jikoni ni Msitu wa Karura, hekta kama 1,000, kuna kima, paa na perere. Vijisitu vya mtoni ndivyo korido zake. Kule Durban, Afrika Kusini, tai hawa nao huzaa kwenye mikaratusi katikati ya mitaa, wanakula pimbi na makinda ya kwarara. Shida ni uzazi: yai hulaliwa siku 50 hivi, kinda hukaa kiotani miezi mitatu na nusu, halafu hulishwa karibu mwaka mzima. Mara nyingi ni kinda moja kwa miaka miwili. Akikata sasa, amefuta miaka miwili.

Jirani_Kijana: Na paka je?

Fundi_Darubini: Paka alale ndani. Sikudanganyi, huwa anabebwa.

MamaPaka: Asante kaka. Nimepanda ghorofani nikachungulia: kuna kichwa cheupe kinachomoza kwenye vijiti, kinalialia. Mwenye nyumba nimemwita aje aone mwenyewe. Paka kafungiwa, ananinunia.