Tupeane uzoefu: kufundisha uhasibu kwa bahasha, kadi na kompyuta, Unguja na Pemba

Daftari_Mkunazini (mwanzisha mada)
Assalaam alaykum. Nafundisha uhasibu hapa mjini na kuna jambo limenikaa moyoni. Mwanafunzi anafaulu mtihani, urari wake (jedwali la kulinganisha jumla za debiti na krediti) unalingana, mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, ameipanga vizuri, lakini ukimpa bahasha ya risiti za duka la kweli hajui pa kuanzia. Darasani amezoea miamala iliyokwishasafishwa: "Januari 1, Juma alianza biashara kwa mtaji wa fedha taslimu." Hakuna mwenye duka anayemletea mhasibu sentensi kama hiyo.

Siku hizi somo langu la kwanza naanza na bahasha. Naomba risiti, vikaratasi na ujumbe wa malipo ya simu kwa wenye maduka wanaokubali, nafuta majina, nagawa kwa makundi. Swali ni moja: nani kampa nani nini? Debiti na krediti, pande mbili za hesabu, sizitaji. Wakishabishana mpaka wakaona kila muamala una pande mbili, ndipo nawaambia kuwa kanuni hii Luca Pacioli aliichapa kitabuni kule Venice mwaka 1494, na wafanyabiashara walikuwa wakiitumia kabla yake. Inawaingia, maana wameifikia wenyewe.

Nipeni yenu. Na niambieni: programu ya kompyuta ije kabla ya leja (daftari la hesabu) ya mkono au baada?

Mwalimu_Chake
Waalaykum salaam maalim. Mimi niko sekondari, Pemba. Mwanafunzi haruhusiwi simu skuli, kwa hiyo Kahoot na michezo mingine inayotaka kila mtoto awe na kifaa chake hainifai. Natumia Plickers. Kila mwanafunzi ana kadi ya karatasi yenye mchoro wake, na jibu linategemea upande aliouweka juu, A mpaka D. Napitisha kamera ya simu yangu darasa zima na majibu yanaingia. Simu ni hiyo moja tu.

Nauliza: "Mwenye duka kachukua polo la unga kapeleka nyumbani kwake. Unakrediti nini?" Wengi hujibu mauzo. Siwapi jibu. Nawaambia kila mmoja amshawishi jirani yake, kisha wanyanyue kadi tena. Mara ya pili waliosema manunuzi, ambalo ndilo jibu kwa kuwa unga haukuuzwa, huwa wengi zaidi, na aliyewabadilisha si mimi, ni mwenzao. Eric Mazur wa Harvard aliieneza njia hii kwenye fizikia. Kwenye uhasibu inakaa vizuri vilevile. Wale wa nyuma wasionyanyua mkono nao sasa nawaona walipo.

Karafuu_na_Gharama
Nafundisha uhasibu wa gharama chuoni, kwetu Wete. Vitabu vyetu vinaeleza zao kuu na zao la ziada kwa mitambo ya kusafisha mafuta ghafi. Mwanafunzi wangu hajauona mtambo huo, lakini karafuu kaichuma na kaichambua barazani usiku pamoja na bibi yake. Basi tunaihesabu karafuu.

Kila kundi linajenga jedwali la Excel kuanzia mwanzo: kodi ya mikarafuu, ujira wa wachumaji kwa pishi, majamvi ya kuanikia, gari mpaka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Wanakwama kwenye uzito. Karafuu mbichi ikikauka hupoteza karibu theluthi mbili ya uzito wake, na asiyeliweka hilo kwenye jedwali anapata gharama ya kilo ambayo mkulima yeyote ataikataa. Hapo hasara ya kawaida, yaani upungufu usioepukika katika kazi, wanaielewa bila mimi kuisomesha. Kisha tunabadilisha seli moja: mvua imenyesha karafuu ikiwa juani, daraja limeshuka, bei imeshuka. Faida inageuka hasara mbele ya macho yao.

Halafu yanakuja makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na darasa linawaka. Makonyo nayo yanauzwa, yanakwenda kukamuliwa mafuta kiwandani Wawi. Fedha yake ni mauzo, au inapunguza gharama ya karafuu? IAS 2, kiwango cha kimataifa cha kuhesabu bidhaa zilizomo ghalani, inasema zao la ziada lisilo na umuhimu mkubwa kihesabu aghalabu hupimwa kwa thamani halisi ya kuuzika (bei ya kuuzia ukitoa gharama za kumalizia na kuuza), kisha thamani hiyo hutolewa kwenye gharama ya zao kuu. Siwaambii. Nawaacha wabishane mpaka mmoja afungue kiwango chenyewe ili ajitetee. Kwangu mimi mwanafunzi anayefungua kiwango cha kimataifa kwa hiari, kwa ajili ya makonyo ya kwao, ameshaanza kuwa mhasibu.

Binti_Mwanakwerekwe
Walimu wangu, mimi ni mhitimu tu, nashika vitabu vya maduka. Nilikosoma, usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, ulikuwa hundi zisizowasilishwa toka mwanzo hadi mwisho. Kazini hundi siioni. Ninachopambana nacho ni taarifa za malipo ya simu kama M-Pesa: makato, muamala uliorejeshwa, fedha ya mteja iliyoingia laini binafsi ya mwenye duka. Kanuni ni ileile, orodha mbili, weka tiki, kilichobaki kieleze. Tafadhali wapeni wanafunzi taarifa za simu wazizoee mapema.

Na mali kauli mbona haifundishwi? Mzigo umechukuliwa kwa jumla bila ankara, kwa neno tu, utalipwa ukiuzika. Je, ni ununuzi kwa mkopo, au mzigo bado ni wa mwenyewe? Inategemea kama usipouzika unarudishwa. Swali hilo peke yake linajaza kipindi.

Leja_ya_Zamani
Mwanangu umesema kweli. Kuhusu swali la mwenye mada, mimi nasema leja ya mkono kwanza. Programu haipokei ingizo la upande mmoja, kwa hiyo urari wake unalingana daima, na kijana anaamini kulingana ndiyo usahihi. Kwa mkono anajifunza kutafuta. Tofauti ya pande mbili ikigawika kwa 9, shuku tarakimu zilizopinduliwa: 63,000 ikiandikwa 36,000 inakuachia 27,000. Vinginevyo igawe kwa 2, utafute kiasi hicho, huenda kimekaa upande usio wake. Ujuzi huu kompyuta haimpi mtu.

Tunguu_Kompyuta
Shikamoo mzee. Kwa heshima, hapo natofautiana kidogo. Jaribuni GnuCash, programu ya uhasibu. Ni ya bure na haihitaji bando, maana inafanya kazi bila intaneti. Ukiingiza upande mmoja tu, tofauti inaitupa kwenye akaunti inayoitwa Imbalance, na mwanafunzi anaiona imekaa pale inamsubiri.

Mimi huwapa faili ambalo urari wake umelingana kabisa lakini limejaa makosa. Jenereta mpya ya hoteli imedebitiwa matengenezo badala ya mali. Ankara moja haikuingizwa kabisa. Malipo ya mteja yamekwenda akaunti ya mteja mwingine. Wayapate. Wiki inayofuata kila kundi linaficha makosa yake kwenye faili na kulikabidhi kundi jingine, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu kweli, kwa sababu ili ufiche kosa ndani ya urari unaolingana lazima uelewe urari hauwezi kuona nini.

Daftari_Mkunazini
Marahaba kwa wote. Mzee, kijana, naona mnasema jambo moja kwa njia mbili: atafute kosa mwenyewe. Nitawapa bahasha ileile kwa mkono Jumatatu na kwa GnuCash Alhamisi, walinganishe. Nyongeza: mazoezi ya kodi ya mitandaoni mengi yameandikwa kwa Bara. VAT ya Zanzibar ina sheria yake na inasimamiwa na ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar), kodi ya mapato iko TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania). Badilisheni kabla hamjagawa.

Mwalimu_Chake
Suala moja, maalim. Alama za kundi mnatoaje? Kwangu mmoja anafanya kazi, watatu wanaandika majina.

Karafuu_na_Gharama
Mimi nachagua kwa bahati nasibu palepale darasani, anatoka mmoja kutetea seli yoyote nitakayoigusa, na alama yake ni ya kundi lote. Tangu hapo wanafundishana usiku dakhalia kabla ya kuja kwangu. Ila aliye mgonjwa au mwenye haya sana namsikiliza ofisini, peke yake.