Naomba ushauri: tuanze na MRCP au ERCP?
Ndugu zangu, naomba ushauri wa wenye ujuzi wa maradhi ya nyongo na kongosho. Macho ya mama yangu yamekuwa ya manjano, na ultrasaundi imeonyesha kuwa mrija wake mkuu wa nyongo umepanuka, ingawa kinachouziba hakikuonekana. Daktari mmoja anapendekeza MRCP, kipimo cha sumaku kinachoonyesha mirija bila mionzi wala kuingiza kifaa mwilini. Mwingine anataka ERCP moja kwa moja, yaani kipimo cha kupitisha mrija wenye kamera mdomoni hadi kwenye utumbo mdogo ili kuifikia mirija ya nyongo, kwa kuwa jiwe likikutwa humo huweza kuondolewa papo hapo. Ninachohofia sana ni kwamba ERCP yenyewe inaweza kusababisha kongosho kuvimba, ilhali MRCP huweza kukosa mawe madogo yasiyofika milimita 5. Je, ni busara kuanza na MRCP?