Nimelipa dola 130 getini kumpeleka mama yangu "shamba la maboga", shambani hakuna hata shina moja la boga

Wakuu nawasalimu. Tangu jana jioni nina hasira hata kula sijala vizuri, naandika hapa ili wazazi wenzangu mlioko huku Illinois msije mkaingia mkenge kama nilivyoingia mimi.

Mama yangu mzazi yuko kwangu tangu Agosti, katokea Muheza, ana miaka 71 na jembe ameliacha juzi juzi tu sababu ya magoti. Amelima maboga katikati ya mahindi maisha yake yote, sisi tumekua kwa futari ya boga la nazi na majani yake. Wanangu wawili, wa miaka 6 na wa miaka 3, wamezaliwa huku, boga wanalijua lile la kuchongwa macho na meno likawekwa mlangoni mwezi wa kumi, hawajui kama linaota chini kwenye shina linalotambaa. Sasa kuna shamba moja nje ya Chicago, mwendo wa saa moja na nusu, tangazo lao limeandikwa wazi kabisa njoo na familia uchume boga lako mwenyewe shambani. Mama kusikia hivyo alifurahi wiki nzima, kila usiku anawasimulia wajukuu, boga lililokomaa kikonyo chake kinakauka, ukilibonyeza kwa ukucha haliingii, ukilikata uliachie kikonyo kidogo lisije likaoza haraka. Mkubwa alikariri yote. Jana mama kaamka alfajiri kapika maandazi, kajifunga khanga juu ya koti, tukaondoka.

Getini dola 24 kwa kichwa maana ilikuwa jumamosi, na kichwa kinaanza kuhesabiwa miaka 2, kwa hiyo yule wa miaka 3 kalipiwa sawa na mimi. Nikauliza bei ya wazee, naambiwa ipo siku za kazi tu. Watu watano, dola 120, maegesho 10. Halafu kijana wa getini akafungua mfuko wa mama, akasema chakula cha nje hakiruhusiwi, maandazi yakarudi kwenye gari. Ndani donati nusu dazeni dola 9. Kupanda tela la trekta kwenda huko kwenye maboga dola 5 kila mtu, tukalipa tena 25. Hela yote hiyo ningeisahau jamani, nisingefungua uzi kwa ajili ya donati.

Tela likatushusha. Naona uwanja wa nyasi zilizofyekwa vizuri, maboga yametawanywa juu yake kama mipira. Watoto wakakimbia. Mama akasimama tu. Akainama akageuza boga moja, akageuza la pili, akageuza la tatu, akaniuliza, "Baba, mashina yako wapi?" Nikaangalia. Hakuna shina, hakuna jani, hakuna hata tuta. Kila boga kikonyo kimeshakatwa, na nyasi chini yake ni kijani kibichi. Mnaolima mnajua, boga likikaa sehemu moja wiki tatu nne nyasi chini zinapauka, zinakuwa za njano kabisa, na boga lenyewe linabaki na baka upande ule liliolalia. Haya yameletwa na gari yakamwagwa pale ijumaa au asubuhi ile ile.

Najua atatokea mtu aseme baridi ilishaua majani. Sawa, baridi inaua majani, yanakuwa meusi, lakini shina halipotei hewani, linabaki limekauka ardhini kama kamba. Pale hakukuwa na kamba. Na nyuma ya banda nikaona mwenyewe yale maboksi makubwa ya kubebea maboga, yale yale yanayokaa mlangoni supamaketi, yamepangwa matupu.

Mkubwa wangu akamuuliza bibi yake, "Bibi, tunachuma wapi?" Mama akakosa la kumjibu. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira.

Nikamfuata meneja. Nikamuuliza kwa adabu kabisa haya maboga mmelima nyie? Akasema mengine wananunua kwa wakulima wengine. Mengine! Nikamwambia nionyeshe basi mliyolima nyie nikayachume, akasema mwaka huu ya kwao yalikuwa machache na yameisha. Basi kwa nini tangazo bado linasema chuma mwenyewe? Akasema tunacholipia sisi ni ile siku ya familia, na tiketi hairudishwi. Mimi siku ya familia ninayo nyumbani bure, nililipa mama yangu awaonyeshe wajukuu zake kitu alichokifanya maisha yake yote.

Na kinachouma zaidi Illinois hii hii ndiyo inaongoza Marekani nzima kwa maboga! Huko karibu na Peoria kuna mji unaitwa Morton unajiita makao makuu ya maboga duniani, maboga ya kwenye makopo mengi yanatoka kule. Sasa jimbo lenye mashamba yote haya mnatuwekea maboga ya kununua juu ya nyasi?

Tukabeba moja kwa sababu ya watoto, senti 79 kwa paundi, paundi 18, dola 14 na senti 22. Mama jana usiku akalipika kwa nazi. Maji matupu, nyuzi nyuzi, utamu hakuna. Baadaye nikasoma ndio nikaelewa, haya makubwa ya rangi ya chungwa yamechaguliwa miaka na miaka kwa ajili ya umbo na kikonyo kigumu, ni ya kuchonga, ya kula ni mengine kabisa, hata yale ya kwenye kopo ganda lake ni la kahawia iliyofifia. Hilo nalo halikuandikwa popote pale, na watu wamejaza matoroli. Mama kamwaga sufuria nzima, mtu ambaye sijawahi kumwona anamwaga chakula, mbegu tu ndo kaziosha kazianika kwenye gazeti dirishani.

Mama anaondoka tarehe 14 Novemba. Mwenye kujua shamba la kweli, Illinois, Indiana au Wisconsin, lenye mashina ardhini hata kama yameshakauka, aniambie, hata la kuendesha masaa matatu nitaenda. Na kama mkulima huyo ana maboga ya kula anitajie na bei, kopo mbili za nazi bado zipo.