Mfupa ukibaki milimita 6, sainasi iinuliwe au iachwe?

Mtoa hoja: Magego ya juu yaking'oka, mfupa wa taya uliokuwa umeyashika hupungua kutoka chini kwa kusinyaa na kutoka juu kwa sainasi (uwazi wenye hewa ulio juu ya magego hayo) kujitanua. Ndiyo maana wengi huambiwa wainuliwe sainasi, yaani sakafu yake isogezwe juu ili mfupa uongezwe chini yake, ndipo wawekewe kipandikizi (skrubu inayozamishwa mfupani kushika jino bandia). Mimi nasema, zikibaki milimita 6, upasuaji huo hauna ulazima. Vipo vipandikizi vifupi vya milimita 6, vyenye uso uliokwaruzwa ili mfupa uushike. Kukata dirisha ubavuni mwa sainasi, kujaza unga wa mfupa na kungoja miezi 6 au zaidi ni kumtwisha mgonjwa mzigo wa bure.

Mchangiaji wa 2: Sikubaliani, mkuu. Mfupa wa huko nyuma ni laini kama sifongo, na ndiko nguvu ya kutafuna inakoangukia. Kipandikizi cha milimita 6 kikipoteza milimita 2 za mfupa shingoni, theluthi ya mshiko imekwenda. Cha 10 kinabaki na 8. Tena kwa milimita 6 dirisha si lazima. Unatoboa hadi ibaki kama milimita 1 kufikia sakafu ya sainasi, unagonga taratibu kwa osteotomu (kifaa cha chuma mfano wa patasi) mpaka sakafu ipande pamoja na utando unaoifunika kwa ndani, kipandikizi kinaingia siku hiyo hiyo. Daktari wa meno Summers aliieleza njia hii mwaka 1994.

Mchangiaji wa 3: Utando hamjaugusa, na hapo ndipo kazi inapoharibikia. Mara nyingi haufiki unene wa milimita 1. Huchanika hasa penye vijikuta vya mfupa ndani ya sainasi, kwa hiyo vitafuteni kwenye skani ya CT kabla ya kushika kisu. Ukiuinua kupitia dirisha, makali ya kijiko cha upasuaji yasibanduke mfupani hata kidogo. Tundu lisilozidi milimita 5 hufunikwa kwa kipande cha kolajeni (utando wa protini unaoyeyuka wenyewe mwilini). Likiwa kubwa, mara nyingi ni heri kushona na kurudi baada ya miezi kadhaa, kwani ukilazimisha, unga unamwagikia ndani, unaziba njia ya kamasi na usaha unaanza. Kwa kugonga, mkuu, mchaniko huuoni kwa macho. Halafu mgonjwa akishafika nyumbani asipenge kamasi kwa wiki 2 hivi, na chafya aitoe mdomo wazi.

Mtoa hoja: Hiyo ya theluthi naikubali kwa gego la peke yake. Mawili yakiunganishwa, yanagawana mzigo. Chini ya milimita 4 sibishi: dirisha likatwe, kipandikizi kingoje, maana hakina pa kushika.

Mchangiaji wa 4: Madaktari wanaposema mafanikio ya vipandikizi ni zaidi ya asilimia 90, mara nyingi wanahesabu vilivyobaki mdomoni. Kubaki si kufanikiwa! Kinaweza kubaki huku ufizi unatoka damu na mfupa unaliwa. Mvuta sigara, au mwenye kisukari kisichodhibitiwa, hawezi kupewa asilimia ile ile ya mtu mzima wa afya. Apewe hesabu ya mdomo wake, na hizo milimita aoneshwe kwenye skani yake mwenyewe.