Wajukuu wa Kikuyu, Dodoma: vitu vya stoo

IJUMAA

[06:52] Da Esta: Wakubwa shikamooni, wadogo habari za kuamka. Mpangaji anaingia stoo tarehe 1, vitu vya marehemu Bibi vitoke kabla. Jana usiku nimeviweka mtandaoni: friji ya mafuta ya taa, cherehani ya Singer, redio ya mbao, pasi mbili za mkaa. Naomba kila mmoja atoe mawazo yake LEO.

[07:30] Mjomba Kondoa: [picha: maua na chai, "Asubuhi njema yenye baraka"]

[08:47] Da Esta: Asante Mjomba. Na wengine? Tiki za bluu nazihesabu.

[08:59] Lameck: Da, tangazo nimeliona. "Friji nzuri inafanya kazi." Nani aliiwasha?

[09:00] Da Esta: Si ilikuwa inafanya kazi?

[09:00] Lameck: Hata mimi nilikuwa mwembamba.

[09:04] Da Esta: Lameck sina muda. Tangu alfajiri ni "Bado ipo?" Ipo. "Mwisho shilingi ngapi?" Laki tatu. "Nina laki nakuja sasa hivi." Halafu kimya. Mwingine anauliza ina gesi gani. Mwingine anauliza inakula umeme kiasi gani, na kwenye tangazo nimeandika MAFUTA YA TAA.

[09:06] Lameck: Tangazo hawasomi Da, wanaangalia picha. Na picha yako imepigwa usiku, friji imefunikwa neti ya mbu.

[09:31] Bamdogo Yona: Esta mwanangu, hilo neno "inafanya kazi" liondoe kwanza. Mtu akitoka Singida na gari yake, akafika ikamgomea, utamwambia nini?

[09:38] Bamdogo Yona: Hiyo ni Electrolux, haina kompresa. Kwenye yale mabomba meusi ya nyuma kuna amonia, maji na haidrojeni, vilifungwa kiwandani kwa presha. Moto wa utambi ndio unaoendesha mzunguko wote. Kwa hiyo anayeuliza gesi mjibu kwamba haijazwi. Fundi akikwambia ataiwekea R134a, ile gesi ya friji za kompresa, huyo mnyime hata kiti.

[09:40] Lameck: Yaani unawasha moto ili upate barafu. Bibi ndiyo maana walikuwa wanamuogopa.

[09:40] Shemeji Rashidi: 😂😂😂

[09:41] Mama Neema: Lameck wewe 😂

[09:41] Da Esta: Jamani tusitoke kwenye mada.

[09:52] Bamdogo Yona: Naendelea. Tangu msiba imelazwa kifudifudi. Isimamisheni wima leo, ikae siku nzima bila moto, vilivyomo vishuke mahali pake. Halafu chukueni pima maji, kile kifaa cha fundi cha kuonyesha usawa. Msiiweke juu ya friji, iwekeni ndani, kwenye sakafu ya kile chumba kidogo cha barafu, mbele nyuma na kulia kushoto. Haina pampu, kila kitu kinashuka chenyewe kwa mteremko wa bomba. Ikiinama, maji yanatuama na baridi hupati. Sakafu ya stoo inateremka kuelekea mlangoni, tafuteni vipande vya mbao vya kuweka chini ya miguu.

[09:58] Bamdogo Yona: Utambi ukatwe sawasawa, mafuta yachujwe kwa kitambaa. Moto tunaoutaka ni wa bluu na mfupi. Wa njano unatoa masizi, masizi yanaziba bomba la moshi, joto halifiki panapotakiwa. Ndani ya bomba hilo kuna kipande cha bati kilichosokotwa kinaning'inia kwa waya. Watu wanakitupa wakidhani ni uchafu. Angalieni kama kipo.

[09:59] Da Esta: Baada ya kuwasha nasubiri muda gani?

[10:03] Bamdogo Yona: Saa 12 hadi 24, mlango umefungwa. Siyo friji ya Dubai hiyo. Na isiegemee ukuta, mgongo upate hewa, Dodoma ya mwezi huu unaijua.

[10:06] Bamdogo Yona: Nyuma ikiwa moto na ndani hakuna baridi, imeziba. Igeuzwe kichwa chini miguu juu, ilale hivyo usiku kucha, irudishwe wima siku nzima, iwashwe tena. Kuna zinazokubali. Lakini mkiona unga wa njano kwenye maungio ya bomba, au harufu ya amonia inayochoma pua, imekufa. Huo unga ni kromati, ni sumu, msiuguse kwa mkono mtupu na watoto wakae mbali. Asiitwe mtu wa kuchomelea, mle kuna haidrojeni.

[10:07] Lameck: Sasa hiyo iandike kwenye tangazo tuone "Bado ipo?" zitabaki ngapi.

[10:30] Da Esta: Nimefuta "inafanya kazi", nimeandika "haijajaribiwa, itawashwa Jumamosi". Baba mdogo utakuja kuiwasha?

[11:15] Da Esta: Baba mdogo?

[11:20] Da Esta: Haya cherehani. Kuna mtu wa Dar anaitaka sana, ametuma elfu 50 kianzio, anakuja Jumapili na treni ya SGR. Laki tatu na nusu. Hakupunguza hata mia. Mwingine ameniuliza kama ina zebaki nyekundu, anatoa milioni 20.

[11:21] Lameck: Mwambie nyekundu imeisha, imebaki ya kijani.

[11:24] Mama Neema: Huyo mfungie sasa hivi Dada. Uvumi huo, kwamba ndani ya Singer za zamani kuna zebaki nyekundu ya mamilioni, ulilipuka Saudia Aprili 2009, Singer chakavu zikapanda bei za ajabu, watu wanapitisha simu kwenye cherehani eti mtandao ukikatika zebaki ipo. Polisi wa kule wakaingilia. Ndani ya Singer kuna chuma na mafuta basi. Mtu wa milioni 20 lazima mwisho aombe kwanza hela ya kipimo.

[11:25] Da Esta: Kuna na aliyeuliza kama pasi ina jogoo.

[11:26] Bamdogo Yona: Jogoo ni kishikio cha kufungulia kifuniko, usiungue vidole. Hana siri yoyote.

[11:26] Da Esta: Baba mdogo kumbe upo! Utakuja Jumamosi?

[11:40] Mama Neema: Kwenye cherehani umeweka picha moja, ya mbali. Piga picha bamba la namba, lipo kulia chini ya kichwa. Ya Bibi inaanza na herufi E, inayofuata siikumbuki. Hizo zilitoka Clydebank, Scotland, kiwanda kilichofungwa 1980. Anayejua Singer anaanzia hapo. Kisha vuta kibati kinachofunika bobini, uipige picha. Ikiwa ya duara na sindano ni 15x1, ile wanayoandika HAx1 kwenye pakiti, Majengo zimejaa. Zipo za zamani zaidi ambazo bobini yake inakaa kwenye kitu kama mtumbwi. Hizo useme wazi, maana spea zake ni kuzunguka.

[11:44] Mama Neema: Na nilipoenda msibani gurudumu lilikuwa limekaza. Nani aliitia mafuta ya kula?

[11:58] Mama Neema: Nimeuliza.

[12:01] Lameck: Alizeti ya Singida, daraja la kwanza.

[12:05] Mama Neema: Mafuta ya kula yanakuwa gundi. Tia tone la mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta, iache mpaka asubuhi, uzungushe gurudumu kwa MKONO kwenda na kurudi. Usikanyage chini kabla haijalegea, utavunja kitu. Ikilegea ifute, ndipo utie mafuta ya cherehani. Mkanda wa ngozi umekatika, wa kununua una futi 6, unaukata kwa kipimo na kuuunga kwa kile kibanio cha waya. Ukiukaza mno miguu inakuwa mizito, ukilegea unateleza.

[12:06] Da Esta: Kazi yote hiyo kwa laki tatu na nusu.

[12:07] Mama Neema: Basi sema "imekaza" ushushe bei. Kimojawapo.

[13:10] Shemeji Rashidi: Shemeji, redio ya mbao msiichomeke ukutani hata kwa majaribio. Ni ya vali, zile taa za kioo za ndani, kapasita zake zimekauka, ukiipa umeme wote kwa mpigo unaunguza transfoma na ndiyo mwisho. Chukua balbu ya wati 60 ya waya, hizi za LED hapana, uipitishe kwenye njia moja ya umeme kabla ya redio. Balbu ikiwaka kwa nguvu ikabaki hivyo, kuna shoti, chomoa. Ikiwaka kisha ikafifia, ina matumaini. Nyuma kuna swichi ya volti, iwe 220 au 240, nyingine zimeachwa kwenye 110. Na ukishachomeka usiguse chuma cha ndani, baadhi ya redio hizo kinaungana na umeme moja kwa moja.

[13:15] Da Esta: Asante Shemeji ila redio imeshauzwa!! Ametuma 60,000, meseji hii hapa [picha]. Anataka niipandishe basi leo pale Nanenane.

[13:17] Shemeji Rashidi: Hiyo meseji imetoka namba ya mtu wa kawaida. Angalia salio.

[13:17] Lameck: "Ile hela tuma kwenye namba hii" 😂😂

[13:21] Da Esta: Salio ni lile lile.

[13:22] Shemeji Rashidi: Basi redio haijauzwa. Kila muamala amini salio, meseji iache. Na akikupigia kusema amezidisha umrudishie, kata simu.

[13:40] Da Esta: Mwingine anataka pasi zote mbili tubadilishane na jiko lake la wali la Japani, jipya kabisa.

[13:43] Shemeji Rashidi: Asome kibandiko cha chini. Likiwa la 100V, huku kwetu 230 litakufa siku hiyo hiyo. Litataka transfoma ya kushushia umeme inayozidi wati za jiko, nayo bei yake inapita pasi zako.

[13:44] Lameck: Pasi za mkaa hazina volti. Bibi aliona mbali.

[16:02] Mama Neema: Dada, kabla hatujaenda mbali. Hela za vitu hivi zitasomwa humu?

[16:05] Da Esta: Zitasomwa. Kwa nini?

[16:05] Mama Neema: Kwa sababu ya ile hela ya deki.

[16:09] Da Esta: Deki tena?

[16:09] Mama Neema: Tena.

[16:10] Da Esta: Ujumbe huu umefutwa

[16:14] Mama Neema: Nimeshausoma.

[16:31] Lameck: Mwenye mkaa auweke kwenye pasi tupige humu ndani joto lipungue.

[16:32] Shemeji Rashidi: Lameck acha.

[20:15] Babu Mpwapwa: WANANGU. NIMESOMEWA YOTE. FRIJI UZENI. REDIO NA PASI UZENI. HESABU ZILETWE KWANGU KWENYE KARATASI. CHEREHANI YA DADA YANGU HAITOKI MPAKA TABITHA ASEME KWA MDOMO WAKE. DADA ALIMTAMKIA KUWA NI YAKE MBELE YANGU. HABARI YA DEKI TUTAIONGEA TUKIKAA, HUMU SITAKI KUIONA. LALENI SALAMA.

[21:22] Da Esta: Shikamoo Babu. Sawa Babu.

[21:23] Lameck: Shikamoo Babu.

[21:23] Shemeji Rashidi: Shikamoo Mzee.

[21:25] Da Esta: Ila yule wa Dar ameshatuma kianzio. Na tiketi amekata.

[21:40] Da Esta: Tabitha, uko hewani nakuona.

[23:48] Tabitha: Shikamoo Babu, shikamoo Baba mdogo. Ndiyo naingia zamu. Nitapiga kesho.

[23:49] Da Esta: Kesho saa ngapi?

JUMAMOSI

[07:05] Da Esta: Tabitha?

[07:41] Mama Neema: Mrudishie huyo mtu elfu 50 yake.

[07:44] Da Esta: Nikimrudishia na Tabitha akasema tuuze? Wateja wa bei hii wanaokotwa wapi? Ameniuliza tu kama meza inafunguka apakie kwenye kirikuu.

[07:50] Mama Neema: Inafunguka. Kichwa kinainuliwa kutoka kwenye bawaba mbili za nyuma, kila moja ina skrubu ya kulegeza. Ubao unashikwa na skrubu kwa chini. Miguu ya chuma isafiri imesimama, ni chuma cha kumimina, ikidondoka inapasuka na haichomeleki kirahisi. Kichwa kifungwe nguo, kisilalie gurudumu. Lakini usimjibu bado.

[07:51] Da Esta: Nimeshamjibu inafunguka.

[07:52] Mama Neema: Haya.

[08:36] Bamdogo Yona: Nimefika stoo, na Lameck. Bomba nimelipitia lote, unga wa njano hakuna, harufu hakuna. Bati la kusokotwa lipo. Pima maji imekaa katikati baada ya mbao mbili upande wa mlangoni. Imewashwa, moto wa bluu. Tangi limejazwa, ni kama lita moja kwa siku, mnunuzi aambiwe hilo mapema. Isifunguliwe mpaka usiku.

[08:38] Da Esta: Barikiwa Baba mdogo! Kuna mtu wa Ilazo anataka kuja kuiona saa 6 mchana.

[08:40] Bamdogo Yona: Saa 6 ataona friji ya moto. Aje kesho asubuhi.

[08:41] Da Esta: Kesho asubuhi ndiyo na wa cherehani anafika.

[08:55] Lameck: Kirikuu nimekipata, elfu 15 mpaka mjini. Dereva anauliza ni kesho au siyo kesho.

[08:56] Da Esta: Mwambie asubiri. Tabitha, tafadhali.

[12:17] Da Esta: Simu yake inaita haipokelewi.

[12:20] Mama Neema: Ametoka zamu, amelala. Mwache.

[12:22] Da Esta: Treni haimsubiri aamke.

[13:05] Lameck: Bamdogo, kwenye chumba cha barafu pamoto kidogo au ni mkono wangu?

[13:06] Bamdogo Yona: Umefungua?

[13:06] Lameck: Kidogo tu.

[13:07] Bamdogo Yona: Funga huo mlango.