Michoro ya Dambulla, Sri Lanka: mbona rangi bado kali hivi?

Mpenda_Rangi: Wakuu, nimekuwa nikizitazama picha za hekalu la mapangoni Dambulla. Inasemekana lilianza karne ya 1 kabla ya Kristo, lakini wekundu na manjano ya darini vinawaka kama vya jana. Inawezekanaje?

Nuru_ya_Pwani: Tenganisha umri wa pango na umri wa rangi. Mfalme Valagamba alijificha humo alipong'olewa na wavamizi kutoka kusini mwa India. Alipokirudia kiti chake akayageuza mapango kuwa hekalu. Michoro mingi unayoiona ni ya karne ya 18, enzi za ufalme wa Kandy, imepakwa juu ya tabaka za zamani. Watu wanaabudu humo hadi leo, kwa hiyo picha iliyofifia ilihuishwa. Mimi sioni huo kuwa uharibifu hata kidogo!

Kinachonishika zaidi ni pango la pili. Mafundi hawakuusawazisha mwamba wa darini. Waliufuata mabonde na matuta yake, ukitazama juu unadhani ni kitambaa kimetandazwa.

Mpenda_Rangi: Na maji ya mvua je?

Nuru_ya_Pwani: Ukingo wa mwamba juu ya milango umechongwa mfereji, maji yanadondokea nje.

Fundi_Jiwe: Usiliruke pango la kwanza. Buddha aliyelala, mita 14 hivi, amechongwa kwenye mwamba uleule. Viatu vinaachwa nje, na usiipe sanamu mgongo ukipiga picha.