Wazoefu wa bahari: kalafati (pamba ya kuziba mishono ya mbao) ikishagongwa, chombo kikae siku ngapi kabla ya kushuka majini?

Msafiri_wa_Kaskazi (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Mimi na mke wangu tuna jahazi dogo, tunabeba mizigo kati ya Mafia na Dar. Safari hii tulikuja na nazi, tumeuza, sasa chombo kiko pwani upande wa Kigamboni. Juzi tulikipandisha kwa maji makubwa ya bamvua, fundi akagonga kalafati mpya, chini akapaka deheni (mafuta na chokaa). Nimebakiza kamba mbili za tanga na chakula cha njiani. Naomba kujua mambo mawili: kalafati mpya inahitaji kukaa muda gani? Na mchele na vitunguu vya jumla nipate wapi bila kuliwa na madalali? Nina haraka, upepo wa kaskazi unakaribia kukata na masika yananyemelea.

Mama_Sufuria
Mchele nenda Tandale, ufike asubuhi na mapema, na umwage kiganjani kabla hujalipa. Vitunguu chagua vikavu vyenye maganda yanayolia, vibichi vitakuozea njiani. Ndimu usisahau. Samaki usinunue, utavua mwenyewe. Marehemu baba yangu alikuwa baharia, akitoka Feri alikuwa hapandi chombo bila tende na tangawizi. Mama alikuwa anamfungia kwenye kanga, tukajua wiki mbili hatumwoni. Basi tu nimekumbuka.

Kobe_Mkongwe
Kalafati haiwekwi kama tofali likauke. Pamba inataka maji, ubao uvimbe uibane. Ukiiacha juani mishono inafunguka upya. Lakini nikuulize kwanza: kilikuwa kinavuja wapi, kwenye mshono au kwenye ubao wenyewe?

Msafiri_wa_Kaskazi
Shikamoo mzee wangu. Kilikuwa kinatoa jasho kidogo tu, kawaida ya chombo cha mbao.

Kobe_Mkongwe
Marahaba. Jasho hilo mlikuwa mnalifua na kulimwaga nje mara ngapi kwa usiku?

Msafiri_wa_Kaskazi
Kila saa hivi. Ila tulikuwa tumejaza sana.

Bwana_Kicheko
Mlijaza nazi, na nazi zinaelea zenyewe 😂 Kurudi unabeba nini mkuu?

Msafiri_wa_Kaskazi
Saruji. Mifuko 140. Mwenye mzigo ameshanipa nusu ya nauli.

Bwana_Kicheko
Mfuko kilo 50, hiyo ni tani 7. Ngoja niweke kambi hapa, kahawa na kashata tafadhali.

Kobe_Mkongwe
Kijana, sema yote. Fundi alikwambia nini kuhusu ubao?

Msafiri_wa_Kaskazi
Sawa. Kuna ubao mmoja, ule wa chini kabisa unaokaa ubavuni mwa mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo. Fundi alisema ubadilishwe, mbao na ufundi milioni moja na laki mbili. Mke wangu akanipa hiyo hela kutoka kwenye nazi. Sasa nilikuwa nimepata mashine ya mkono, injini ya kusukuma chombo ya nguvu za farasi 15, bei ya kutupa, mwenyewe anahama, nikatoa kianzio. Mke nimemwambia fundi amesema kalafati inatosha. Kabla hamjanirukia: mashine nayo ni usalama. Upepo ukikata katikati ya mkondo na mzigo kichwani, ubao mpya utakusaidia nini?

Ustadh_Pwani
Umemdanganya mkeo katika jambo la roho yake. Hapo hakuna suala la mbao tena.

Dada_Mbagala
Na chombo ni cha nani?

Msafiri_wa_Kaskazi
Kina historia ndefu kidogo.

Dada_Mbagala
CHA NANI?

Msafiri_wa_Kaskazi
Alirithi kwa baba yake. Lakini kazi tunafanya wote. Yeye hushika usukani, mimi tanga na mzigo.

Bwana_Kicheko
Kumbe wewe ni baharia wake! Umekula hela ya nahodha 😂😂

Mzee_wa_Gatini
Tusicheke sana. Tarehe 18 Julai 2012 nilikuwa hapa hapa Dar, jirani yangu akapanda MV Skagit kwenda Unguja. Ile ilikuwa meli yenye injini, na ilizama karibu na Chumbe. Jirani alirudi mzima, ila mpaka leo hata pantoni ya Kigamboni hapandi. Anazungukia darajani kwa daladala.

Mpiga_Hesabu
Samahani, mimi nanusa chai. Mleta uzi kasema JUZI wamepandisha chombo kwa bamvua. Juzi mwezi ulikuwa nusu, wenye macho tuliuona. Mwezi nusu ni maji mafu, hayapandi juu, hata mtumbwi unaburuzwa. Tena mke anashika usukani, mume anakula hela, saruji tani 7... Mtunzi, unatafuta kitabu?

Bwana_Kicheko
Chai ya tangawizi hiyo. Tulete vitafunwa.

Mama_Sufuria
Mie nimeshamweleza mpaka vitunguu jamani.

Msafiri_wa_Kaskazi
Sitafuti kitabu. Nilisema juzi kwa maana ya siku zile. Tulipandisha mwezi mpevu, leo siku ya nane. Nilichanganya siku makusudi, shemeji zangu nao wanasoma humu.

Mpiga_Hesabu
Mpevu na siku nane, hapo hesabu inakubali. Narudisha nusu ya chai. Nusu nabaki nayo.

Kobe_Mkongwe
Basi umejifunga mwenyewe. Hapo kilipo hakielei mpaka bamvua ya mwezi mwandamo, wiki nzima bado. Ubao mmoja fundi anaumaliza siku tatu. Sasa hiyo haraka uliyokuja nayo ni ya kaskazi au ya mwenye mashine?

Msafiri_wa_Kaskazi
Kianzio hakirudi mzee. Ndio tatizo.

Kobe_Mkongwe
Nusu ya nauli ya saruji iko wapi?

Msafiri_wa_Kaskazi
Imo humo humo kwenye kianzio.

Duka_la_Kamba
Kamba za nailoni unene wote zipo, Kariakoo, karibuni sana.

Kobe_Mkongwe
Fanya hivi. Kesho maji yakitoka, chukua kisu chembamba, usichukue patasi. Choma ule ubao sehemu tatu: mbele karibu na omo, katikati, na nyuma kwenye tezi. Mbao nzima itakusukuma mkono. Pamba hukaa kwa kubanwa na mbao, na mbao iliyooza haibani kitu. Halafu uje useme.

*(siku iliyofuata)*

Mpiga_Hesabu
Mleta uzi? Au chai imepoa?

Msafiri_wa_Kaskazi
Nipo. Omo kimegoma. Tezi kimegoma. Katikati kimeingia, ila kidogo.

Kobe_Mkongwe
Kidogo kiasi gani?

Msafiri_wa_Kaskazi
Mpaka mpini.

Dada_Mbagala
Na yeye alikuwepo?

Msafiri_wa_Kaskazi
Kisu alikishika yeye.